Bunju Aliyemenyewa Kamba

Msusi hakuwahi kumpenda yule samaki. Bunju alikuwa wa mumewe, fundi umeme, aliyemnunua akiwa mdogo kama yai la kuku, akamtengenezea tangi la kioo sebuleni, lenye pampu na taa na maji ya chumvi ambayo aliyapima kama dawa. Fundi akiingia tu, bunju hutoka nyuma ya jiwe, macho yamemtoka pima, mapezi yanamcheza.

"Bora ungeoa huko huko majini," mkewe alimtania.

Kisha kiharusi kikampiga fundi. Upande wa kulia ukawa gogo, na ulimi ukamzibika. Wakamhamishia kitanda sebuleni, mkabala na tangi, msusi akabaki na vinywa viwili vya kulisha. Alimpondea mumewe viazi. Alimmenyea bunju kamba, akawakata vipande laini. Zamani alimwona mumewe akitumbukiza konokono na kaa wadogo wazima, bunju akiwavunja ta! ta!, akaona ni roho ngumu tu za wanaume. Kiumbe mpole vile, ya nini kumtafunisha mawe?

Miezi ikapita. Siku moja fundi akatamka neno lililosikika vizuri: "Meno."

Msusi nusura apige vigelegele. "Yanakuuma, mume wangu?"

"Meno," fundi akarudia, akigonga kinywa chake kwa kidole cha mkono wa kushoto.

Msusi akakodi gari, akamkokota mpaka kwa daktari wa meno. Daktari akachungulia, akagonga moja moja. "Mama, haya ni mazima kuliko yangu."

Waliporudi nyumbani, fundi akashika neno lile lile, meno, meno, mpaka akalia kwa hasira. Msusi naye akalilia jikoni, bomba kalifungulia asisikike.

Asubuhi moja alidondosha kipande cha kamba majini. Bunju akakifuata, akakigonga kwa mdomo, kikamponyoka. Akakirudia, kikazama mchangani. Msusi akainama hata pua ikagusa kioo. Meno ya juu yalikuwa yamerefuka, yameshuka yakafunika ya chini, kama mdomo wa kasuku.

Akageuka. Mumewe alikuwa akimtazama.

"Meno," msusi akasema, taratibu. Fundi akafumba macho.

Msusi akampigia simu muuza samaki wa mapambo.

"Unamlisha nini, dada?"

"Kamba. Nawamenya vizuri kabisa."

"Na maganda?"

"Natupa."

"Maganda ndiyo msasa wake. Meno ya bunju hayakomi kukua. Sasa lazima yakatwe, ila mimi sijawahi kukata."

Daktari wa mifugo akasema yeye ni wa ng'ombe na mbwa. Basi msusi akavaa glavu, akachukua mkasi wa kucha, akaingiza mikono majini. Alipomshika tu, bunju akajaa maji, akawa mpira wa miiba viganjani mwake. Vidole vilivyosuka vichwa vya mtaa mzima vikatafuta mdomo wake. Akakata ncha, kidogo tu. Akajaribu tena, mkasi ukateleza, samaki akakurupuka, na msusi akamwachia akipiga kelele. Kitandani fundi alinyoosha mkono wake mzima, ukaishia hewani.

"Nielekeze basi!" msusi akamlilia. "Nikate wapi?"

Fundi akagonga tu kinywa chake kwa kidole.

Baada ya hapo bunju hakula tena. Msusi alimwekea konokono, akamsagia kamba wakawa uji, wapi! Kila siku alizidi kukonda tumbo, mpaka akalala mchangani ubavu mmoja, na msusi hakuhitaji kuambiwa kwamba amekufa.

Akamtoa kwa kichujio, akamweka kwenye bakuli lenye kifuniko. Alitaka kusema neno. Aseme nini? Kwamba alimlisha kwa mapenzi? Mumewe alikuwa ameugeukia ukuta, bega lake zima likitikisika. Msusi akakaa ukingoni mwa kitanda, akamgusa mgongoni. Fundi hakuusukuma mkono wake, wala hakugeuka.

"Hodi!" mteja akaita mlangoni. "Msusi, nywele zangu za arusi umezisahau?"

"Karibu," akajibu. Akanawa mikono, akatoa kiti nje, akaanza kuchana.

"Leo mbona umepooza hivyo?" mteja akauliza.

"Nina mgonjwa," msusi akasema, akagawa nywele, akapasua njia ya kwanza ya msuko.