Nilivyochoma Dhahabu Mbele ya Macho ya Watu

Wenzangu waosha dhahabu wa hapa mwaloni, mmeniita niseme, basi nitasema. Nitakwenda polepole kwa sababu meno ya mbele sina na maneno mengine yananiponyoka. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Mnanijua kama Mama Masanja. Nimezaliwa Kambarage, Shinyanga mjini, nikaolewa na kijana wa Ushirombo ambaye kazi yake ni kupakia na kushusha mizigo ya malori kule Isaka. Mume wa Isaka ni mume wa kuja na kuondoka, kwa hiyo nikaja huku Geita kutafuta changu. Nilikuwa na nguvu, jamani. Nilibeba kiroba cha mawe kutoka shimoni hadi kwenye karasha bila kupumzika njiani, na nikifika bado nina pumzi ya kugombana na mtu.

Nilianza kwa kuponda mawe kwa nyundo, baadaye nikahamia kwenye kuosha. Kuna wageni hapa, niwaeleze kidogo. Mawe yakishasagwa kwenye karasha yanakuwa unga. Unga unamwagiwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia, udongo unaondoka na maji, kilicho kizito kinanasa kwenye nyuzi za gunia. Magunia tunayakung'uta kwenye karai. Ndani ya karai tunatia zebaki na kuvuruga kwa mkono mtupu, zebaki inakusanya chembe za dhahabu, tunakamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cha kijivu. Kidonge kinawekwa juu ya mkaa. Zebaki inapanda hewani, dhahabu inabaki. Mimi nilikuwa mchomaji.

Kazi hiyo hapewi kila mtu. Kidonge kimoja kina wenyewe wengi: mwenye shimo, wachimbaji, mwenye karasha, waoshaji. Wote wanasimama kuzunguka jiko, macho yamewatoka. Ndiyo maana mchomaji ana masharti yake. Kucha zikatwe hadi nyama. Nywele zinyolewe. Nguo ya mikono mirefu hakuna. Na moto ukishatulia unafungua mdomo, mtu anachungulia chini ya ulimi na ndani ya mashavu, isije ikawa umeficha punje. Mimi sikuwahi kukutwa na kitu, na nilijivunia sana. Nilikuwa naachama kabla sijaambiwa.

Masanja wangu alikuwa mchanga bado. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge nikainama naye jikoni. Mvua ikinyesha tulihamia chumbani kwangu, tukachomea kwenye jiko lile lile nililopikia uji wake. Hakuna aliyeona ajabu. Moshi wenyewe hauna hata harufu, utauogopaje?

Siku moja koo lilinikereketa, nikajifunga kanga puani. Mzee Shija, mwenye karasha, akaniuliza huku anatabasamu, "Mama Masanja, sasa tutajuaje kilichoingia humo?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikaifungua kanga. Kwetu dhahabu sharti ionwe na kila jicho tangu inaingia motoni hadi inatoka. Ukifunika, unaiba. Ndivyo tulivyolelewa hapa mwaloni na nyinyi ndivyo mlivyo hadi leo, msinitazame hivyo.

Ugonjwa ulianzia mdomoni. Kila nilichokula kilikuwa na ladha ya msumari. Mate yakawa yananijaa hadi mto wa kulalia unalowa. Fizi zikavimba, zikawa na mstari mweusi, zikatoa damu hata kwa kutafuna ugali. Ndani ya ugali huo nikang'ata kitu kigumu, nikadhani ni jiwe, nikalitema kiganjani. Lilikuwa jino langu, zima, halina hata tundu.

Kisha mikono. Vidole vilitetemeka kidogo kidogo, halafu viganja, halafu mkono wote. Kufunga kifungo cha shati la mtoto ikawa kazi ya kutolea jasho. Waliosema ninakunywa gongo nikawatukana hadi mama zao. Hasira nilikuwa nazo tangu kuzaliwa, lakini hizi zilikuwa za mtu mwingine. Nikishamaliza kutukana nakaa nyuma ya nyumba nalia, sijui nalilia nini. Nikawa naogopa watu. Mimi, kuogopa watu!

Siku moja tumemaliza kuchoma, nikaachama kama kawaida. Mzee Shija alisogea kuchungulia, akarudi nyuma amejiziba pua.

"Mama Masanja," akasema, "mdomo wako unaoza."

Hakusema kwa ubaya. Alikwenda mwenyewe kutafuta maziwa akaniletea, kwa sababu wote hapa tunaamini maziwa yanasafisha sumu ya kifuani. Nilikunywa maziwa kama ndama. Asubuhi maziwa, jioni maziwa, na katikati nachoma.

Sasa sikilizeni habari ya chungu. Fundi mmoja wa kuchomelea kutoka mjini alituletea chungu cha chuma, mfuniko wake unabanwa kwa bolti, na ubavuni kina bomba refu linaloinama hadi kwenye ndoo ya maji. Akatueleza vizuri kabisa. Kidonge kinakaa ndani, moto chini, moshi wa zebaki unapita kwenye bomba, unapoa, unarudi kuwa zebaki ndani ya maji, mnaitumia tena. Alisisitiza jambo moja: msifungue mpaka kipoe. Akaondoka.

Tulikijaribu. Tukakaa tunatazama chuma. Hakuna cha kuona! Wanaume wakaanza kunong'ona. Mmoja akauliza fundi ni ndugu wa nani. Mwingine akasema bomba hilo linaweza kunywa dhahabu yote na sisi tumekaa hapa kama mizoga. Nikawaambia kipoe kwanza. Wakasema kadiri kinavyokaa ndivyo dhahabu inavyopotea. Basi wakalegeza bolti kwa spana kikiwa bado cha moto, wakaniachia njia, maana mchomaji ndiye anayetangulia kuangalia.

Nikainama nikachungulia. Dhahabu ilikuwepo, yote, ya njano safi. Hapo hapo kitu kikanipiga kifuani, hakina harufu wala rangi, ila hewa ikakatika. Nilikohoa hadi nikapiga magoti. Tangu hapo homa ikapanda, kifua kikabana kama kimefungwa mkanda, nikaharisha damu, nikajinyea kitandani, jirani akawa ananisafisha. Nyinyi ni watu wazima, siwafichi.

Na mwaloni wakaamuaje? Wakaamua chungu ndicho chenye sumu. Wakakitupa kwenye lundo la marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, wakarudi kwenye mkaa wa wazi.

Homa ilipopungua nikajikaza nimwogeshe mwanangu. Nilikuwa nimemshika kwapani, ana sabuni mwili mzima, mikono ikaruka. Siyo kutetemeka, iliruka. Masanja akaniteleza, paji la uso likapiga ukingo wa beseni, likachanika. Maji yote yakawa mekundu. Nilitaka kumwinua, mikono haikukubali. Nikapiga kelele hadi jirani akaja kumtoa.

Habari zikafika Ushirombo. Mama mkwe wangu akaja na basi. Ni mama wa kanisa, si mtu wa maneno mengi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi, akanitazama mikono kwa muda mrefu. Kisha akamchukua mjukuu wake, akamfunga mgongoni.

"Mayu," akaniita, yaani mama, "mimi sikuchukii. Lakini mikono hii itaniulia mtoto. Ikitulia, njoo umchukue."

Mume wangu, aliyekuja naye, alikuwa amesimama mlangoni anatazama chini. Mtoto alikuwa ananyoosha mikono kuja kwangu na mimi sikuthubutu kuipokea. Nimezaa kwa uchungu, lakini siku ile niliumia zaidi.

Nikaenda kwa mganga. Akaniambia kuna mwenzangu anayeutaka uchomaji wangu, ndiye aliyeniroga. Akanichanja viganja kwa wembe na kunipaka dawa. Mikono iliendelea kutetemeka, tofauti ni kwamba sasa ilikuwa na vidonda. Miguu nayo ikavimba, uso ukavimba, mkojo ukawa na povu. Hapo ndipo Baba Masanja aliporudi kutoka Isaka, akaniona, akaniingiza kwenye gari bila kuniuliza.

Hospitalini tulimkuta daktari, dada mdogo tu. Alinipa kalamu akaniambia niandike jina langu. Niliandika mikwaruzo ya kuku. Hakushangaa. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akauliza tunachomea wapi. Nikasema nje, na mvua ikinyesha, chumbani.

"Na mtoto anakuwa wapi?"

"Mgongoni."

Akaiweka kalamu mezani. Akaniambia, "Mama, zebaki ikichomwa haipotei. Inakuwa hewa. Hiyo hewa umeivuta wewe na mwanao."

Nilikuwa nimekwenda pale nikijihurumia. Nilipotoka sikuwa tena na habari na meno yangu. Masanja naye aliletwa kutoka Ushirombo, akachukuliwa mkojo na damu, vipimo vikapelekwa mbali, tukasubiri. Majibu yalipokuja, alikuwa nayo. Ndogo kuliko yangu, lakini alikuwa nayo. Watoto wa umri wake walikuwa wameshaanza kusema, yeye alikuwa kimya. Daktari akasema kilichomwokoa ni kuondolewa mapema. Nilimchukia mkwe wangu miezi ile yote, kumbe yeye, bila kujua lolote la zebaki, alikuwa amemtoa mwanangu kwenye moshi.

Mimi nikapelekwa hospitali ya rufaa Mwanza. Kuna dawa inayoivuta sumu ikatoka na mkojo, lakini haikubembelezi. Nilitapika nyongo. Ngozi ikanitoka vipele. Meno mengine mawili yakatoka yenyewe. Figo zilikuwa zimeguswa, nikanyimwa chumvi, nikapimiwa hata maji ya kunywa. Kulikuwa na siku nilimwomba Mungu anichukue, nasema kweli. Halafu namkumbuka Masanja anavyonyoosha mikono, namwambia Mungu aniache kidogo.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, daktari alikataza nisirudi kwenye chumba kile. Godoro, mapazia, nguo, jiko, sufuria, vyote viliondolewa kwa sababu zebaki ilikuwa imenasa humo. Nilianza upya na mkeka, chumba kingine. Mikono ilitulia taratibu mno. Leo inashika kijiko, kesho inakikataa. Nilijizoeza kwa kuchambua mchele, punje moja moja, na nilikuwa naulaani kila ninaponyanyua sinia.

Ilipofika wakati mchele haunishindi tena, nikapanda basi kwenda Ushirombo. Mkwe wangu alinipokea vizuri. Hakuniuliza hali ya mikono. Alimimina chai, akajaza kikombe hadi kwenye mdomo wake, akanikabidhi, akakaa kunitazama. Nilikipokea. Nilikunywa chote. Kidole kidogo kilicheza, na mpaka leo kinacheza, lakini chai haikumwagika. Yule mama akafunika uso kwa kanga akalia.

Nawashukuru waliohangaika nami: daktari yule, jirani aliyenifulia mashuka, mume wangu, na mkwe wangu kuliko wote. Mungu awalipe, mimi sina cha kuwapa.

Nyinyi mniambie, chungu kile kiko wapi? Kingali kwenye marudio, nimepita nimekiona. Kitoeni. Mnaogopa kuibiwa? Kazeni bolti wote mkiwapo, kila mwenye fungu akaze ya kwake. Kichomeeni nje, kaeni mkikizunguka, pigeni soga, mpaka mtu aweze kukilaza kiganja juu yake. Ndipo mfungue. Dhahabu haina miguu, itakuwepo. Maziwa kunyweni kwa sababu ni matamu, sumu hayaitoi. Na ukiona ladha ya msumari mdomoni, usingoje jino litoke, nenda hospitali ukawaambie unachofanya, usione haya.

Na wewe binti uliyekaa kule nyuma. Nimeziona kucha zako, nimejua ndiwe uliyeshika nafasi yangu. Sikulaumu, kazi ni kazi. Lakini huyo uliyemfunga mgongoni mteremshe. Nipe hata mimi, nitamshika.

Masanja ninaye sasa, nimeshamchukua. Anaongea, ingawa maneno yake ni machache kuliko ya wenzake, na daktari hajui kama yataongezeka. Anakula, anacheza, kovu lipo kwenye paji la uso. Ana adabu, bibi yake alimlea vizuri. Akiumwa tumbo au akiota vibaya analia "Mama," na mama anayemlilia ni yule wa Ushirombo. Mimi ananiita kama anavyosikia nyinyi mnaniita. Anasimama mlangoni, mwanangu wa kumzaa, ananiambia, "Mama Masanja, naomba maji."

Naitika. Nampelekea maji, kwa mikono miwili.