Pedali Iliyochaguliwa na Redio ya Mjomba

Mimi napiga besi. Nalisema mapema, kwa sababu kuna mahali nilinyamaza miaka mitatu bila kulisema, na ukimya ule nusura unitoe roho.

Siku za kazi nafundisha hesabu shule ya msingi hapa Morogoro. Jumamosi navaa gauni la kung'aa, nakamata gitaa langu la nyuzi nne, na bendi yetu inapiga harusi, kuanzia kumbi za mjini mpaka Dakawa kwa wakulima wa mpunga, ambao wakivuna vizuri wanaoa kwa fujo. Tuko watano. Kiongozi wetu ni baba mmoja mpole anayepiga solo, lile gitaa linalolia juu na kila mtu analisikia. Langu mimi liko chini. Ukiitoa besi kwenye wimbo, watu wanaacha kucheza na hawajui kwa nini, lakini ikiwepo hakuna anayekuja kukupa mkono. Nilishazoea, jamani. Sikulalamika.

Aliyeniruhusu kupiga ni mjomba, kaka yake mama, anayeishi Kinole kule mlimani. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba akisema, limekwisha. Nilipoingia bendi ukoo ulikuja juu: mwalimu mzima, tena mwanamke, anakwenda kusimama jukwaani mbele za watu? Mjomba akawasikiliza wote mpaka wakachoka, kisha akasema, "Mtoto ni wangu. Mwacheni apige." Kikao kikafungwa, chai ikaletwa.

Mtu kama huyo unamlipa nini? Nikamnunulia redio ndogo, zile za kiganjani zinazochomekwa memori kadi, nikamjazia nyimbo zetu tulizorekodi mazoezini. Miguu ilikuwa imeshaanza kumgomea, kushuka mjini hawezi, kwa hiyo jukwaani hajawahi kuniona hata siku moja. Alichokuwa nacho ni ile redio. Anaitundika kwenye msumari wa barazani, anakaa kwenye mkeka na ungo wake wa karafuu, anachambua vikonyo huku anasikiliza.

Mara ya kwanza nilipomkuta hivyo, majirani walikuwa wamejaa barazani. Wimbo ukaanza, mimi nikiwa pembeni nakula fenesi, mikono inanata utomvu. Solo ilipoingia mjomba akainua kidole juu. "Huyo! Huyo ndiye mwanangu!" Watu wakanigeukia, wakanipigia makofi.

Nikaweka fenesi chini. Nikasikiliza vizuri, na kweli, kwenye redio ile besi haikuwepo. Haikuwa ndogo wala ya mbali, haikuwepo kabisa. Spika yenyewe upana wake kama kifuniko cha chupa ya chai. Sauti nene itatokea wapi? Sasa ningefanyaje? Nimkatize mzee mbele ya wageni wake, nimwambie mimi ni yule usiyemsikia? Nikatabasamu, nikasema asante.

Asante ile ilizaa nyingine. Kila nikipanda Kinole, kidole juu. Akazijua solo zote kwa moyo, akawa anazipiga kwa midomo yake anapochambua karafuu. Siku moja tukiwa wawili tu akaniambia, "Mama, pale katikati unapopandisha, mimi machozi yananitoka." Mjomba huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Pale katikati hapakuwa pangu. Nilishuka mlima siku ile najichukia, nikiwa nyuma ya bodaboda nalia, na dereva akadhani nimefiwa, akanipa pole mpaka Mkuyuni.

Jirani yake mjomba ni bibi mmoja mwenye ulimi, Mungu amjalie. Huyo hakuamini tangu mwanzo. "Mwanamke apige hivyo? Labda anawabebea nyaya." Mjomba akaapa. Bibi akaguna. Wakaendelea hivyo, huyu anaapa huyu anaguna, mpaka mjukuu wa bibi akachumbia mjini, na bendi iliyotafutwa ikawa yetu. Nilikuwepo bibi alipoitangaza habari hiyo, amejishika kiuno. "Nakwenda harusini. Nitajionea kwa macho yangu, nikirudi nitawaeleza."

Mjomba akacheka kwa raha zake. "Nenda! Nenda, halafu uje uniombe radhi hapa hapa barazani."

Nikapiga hesabu haraka. Bibi ataniona nimeshika gitaa refu kwenye kona, ataona solo inapigwa na mwanamume mwenye upara, na kijiji kizima kitajua kabla jua halijatua. Mzee aliyesimama peke yake kunitetea atachekwa kwenye baraza lake, na kosa ni langu. Nilikuwa na wiki mbili.

Kumwambia ilikuwa lazima, na nimwambie mimi. Lakini nilitaka kitu kimoja zaidi, na wala sioni haya kukisema: nilitaka anisikie. Mara moja tu, mimi mwenyewe, kwenye redio ile ile.

Nikabeba gitaa langu, nikaenda Mji Mpya kwa fundi wa redio ambaye pia huuza vyombo vya bendi zilizokufa. Mtoto wake nilimfundisha kugawanya, kwa hiyo ananiheshimu, ila kwa vyombo ana ubishi wa ajabu. Nikamweleza shida yangu: besi isikike kwenye redio ya kiganjani.

"Hiyo redio haiwezi kusukuma sauti nene, Mwalimu. Hata uipige," akasema. "Unachotaka ni ovadraivu." Akatoa vidude viwili vya chuma vya kukanyagia kwa mguu, vile tunavyoviita pedali. Kazi yake ni kuikwaruza sauti. Besi safi inapita chini kabisa ambako redio ndogo haifiki. Ukiikwaruza, inazaa sauti nyingine za juu yake, na hizo redio inaweza kuzishika.

Ya kwanza ilikuwa ya bluu, nzito, imetengenezwa kwa ajili ya besi hasa. Ilikuwa ya mpigaji mmoja wa Dar aliyeokoka. "Besi kaenda nayo kanisani," fundi akasema, "pedali kairudisha. Mchungaji kasikia mngurumo wake, kasema una mapepo." Ya pili ilikuwa ndogo ya kijani, rangi imebanduka, kitufe kimoja kimepotea na mahali pake pamebandikwa kifuniko cha dawa ya meno. Hiyo ilikuwa ya gitaa la solo.

Akanichomekea ya bluu kwenye spika lake kubwa, lile linalofika kiunoni. Nikapiga. Lo! Bati likatetemeka, bisibisi zikaanza kutembea mezani. Wapita njia wakasimama. Fundi akafumba macho, akasema, "Basi. Chukua hiyo, nenda nyumbani ukalale."

Na mimi nilishaingiza mkono kwenye pochi. Sisi wapigaji wa huku ndivyo tunavyochagua vyombo: kikikutikisa kifua, ni kizuri, mambo mengine baadaye. Lakini macho yangu yakaangukia meza yake ya kazi. Zilikuwa zimelala redio za kiganjani kama kumi hivi zikisubiri kutengenezwa, na mojawapo ilikuwa nyekundu, aina ile ile ya mjomba. Nikamwomba aiwashe.

"Hiyo ya nini?"

"Nataka kusikilizia humo."

"Mwalimu, unanunua pedali au unanunua redio?"

"Fundi, washa."

Tukarekodi ya bluu kwa simu, tukahamisha kadi, tukaisikiliza kwenye ile nyekundu. Kilichotoka ni mvumo kidogo, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Fundi akanyanyua mabega. Tukachomeka ya kijani. Kwenye spika kubwa ilikuwa aibu tupu, tumbo lote la besi limeondoka, wale wapita njia wakaendelea na safari zao. Fundi akaanza kuchomoa waya. Nikamzuia, nikarekodi hivyo hivyo, nikatia kadi kwenye redio nyekundu.

Nikajisikia. Kila noti, moja moja, inakwaruza, inatembea. Hapana, sikuwa mzuri, nilikuwa kama mwenye mafua. Lakini nilikuwepo! Nikaketi kwenye stuli ya fundi, machozi yananitoka, na yeye maskini akahangaika kutafuta kitambaa kisicho na mafuta.

"Nakufungia ya kijani, basi," akasema taratibu. "Ila usimwambie mtu nimekuuzia mimi."

Mazoezini nikamweleza kiongozi wetu habari yote, na kidole, na bibi. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Miaka yote hiyo hakujua kuna mzee mlimani anayempenda hivyo kwa jina la mtu mwingine. Akasema turekodi wimbo ambao mjomba anaupenda zaidi, na mimi nikanyage pedali yangu mwanzo hadi mwisho. Mpiga ngoma alilalamika kwamba besi inasikika kama pikipiki mbovu. Kiongozi akamwambia anyamaze, apige ngoma.

Jumamosi iliyotangulia harusi nikapanda Kinole. Nilimkuta mjomba barazani peke yake, nikashukuru Mungu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mama, umekonda." Nikaitoa kadi ya zamani, nikatia mpya, nikaitundika redio kwenye msumari wake.

Wimbo ukaanza. Nikaingia mimi, krrr, krrr, chini ya waimbaji. Mjomba akaacha kuchambua. Akakunja uso, akaitazama redio kwa hasira.

"Nani huyu anamkoromea mwanangu?"

"Ni mimi, mjomba."

"Wewe ni yule anayelia juu."

"Yule ni mwenzangu. Tangu siku ya kwanza ni mwenzangu. Mimi ni huyu anayekoroma, redio ilikuwa haimtoi. Nilishindwa kukwambia. Nisamehe."

Mjomba akaweka ungo chini, na karafuu zikaendelea kunukia pale katikati yetu. Wimbo ukaisha. Nilikuwa nimepiga magoti, nasubiri nitukanwe, na nilistahili.

"Miaka mitatu," akasema mwishowe, "namlilia mtoto wa watu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na wewe wangu ulikuwa humo humo ndani, nisikusikie?"

"Nilikuwa humo."

Macho yake yakajaa maji. "Rudisha mwanzo," akasema. Nikarudisha. Akasogeza sikio mpaka karibu na redio, akasikiliza wimbo wote hivyo, na safari hii kichwa chake kikawa kinakwenda na mimi. Akaniambia nirudishe tena. Mara ya tatu akapaza sauti kumwita bibi ng'ambo ya ua, nami nilikuwa nimedhani tungeyamaliza wawili.

Bibi akaja anajifuta mikono. Mjomba hakusubiri hata asalimiwe. "Kaa hapa. Mimi nilikosea, uliyemsikia siku zote siyo yeye. Usingoje harusi, nakwambia leo kwa mdomo wangu. Mwanangu ni huyu hapa chini. Sikiliza."

Bibi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuguna. Alitega sikio. Mjomba akainua kidole kile kile na kukishikilia juu, akifuata noti zangu kwa kichwa. Kisha solo ikaingia, ile aliyoipenda, ile iliyokuwa ikimtoa machozi, ikapanda juu na kunifunika.

Kidole kikabaki juu. Mjomba akanigeukia, amekasirika kweli kweli.

"Huyo mwenzako mwambie apunguze," akasema. "Simsikii mtoto."