Nilivyomtafsiria Papa

Pale Point, mtaa wa Durban karibu na bandari, tulipopanga chumba, Wakongomani wenzetu walimwita Papa, baba yangu, Mheshimiwa, na kazi yake ilikuwa kulinda magari ya watu barabarani. "Mheshimiwa, unichungie gari!" Labda hawakumdhihaki, au walimdhihaki kidogo tu. Mimi nilikuwa nasuka nywele saluni ya jirani, na kila nilipolisikia lile neno moyo ulinichoma. Kwetu alikuwa mbunge wa jimbo, mtu wa kuinukiwa na watu akiingia kanisani.

Kabla ya ubunge alikuwa mkulima. Alilima maharage na mihogo bondeni, akawakusanya majirani wakachimba mifereji, mpaka maji yaliyokuwa yakiozesha mihogo yakapata njia. Kwa mifereji ile ndiyo wakamchagua. Alienda kuapa na koti la mjomba, mikono mifupi, nasi tukacheka mpaka basi. Baada ya miaka michache makoti yalikuwa yake mwenyewe, na jembe lake nikalikuta limeegemezwa kufungia mlango wa kuku. Kisha siku moja nyumba yetu ikachomwa, tukakimbia. Niliambiwa ni maadui wa siasa. Niliamini, ningeamini nini kingine?

Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini, tuliitwa kuhojiwa ili tupewe karatasi za ukimbizi. Bila karatasi tungerudishwa kwetu, kwa wale wale waliotuchomea. Kiingereza cha Papa kilikuwa "yes" na "sharp" tu, ile "sawa" ya vijana wa mitaani, basi mkalimani nikawa mimi. Karani, mama mmoja wa Kizulu mwenye miwani, akauliza kule kwetu alikuwa anafanya kazi gani.

"Sema niko mulimaji," akasema Papa.

Nikasema ni "farmer". Yule mama akaweka kalamu chini, akamtazama viatu. "Eish! Farmer? Shamba lake liko wapi?" Kumbe pale farmer ni mzungu mwenye trekta na ardhi mpaka macho yachoke. Nikaona aibu, nikakasirika, nikaongeza haraka kwamba alikuwa pia mbunge.

"Basi alikimbia nini?"

Papa akavuta pumzi. "Umuambie ukweli, mama," akaniambia. Mimi bintiye aliniita mama tangu utotoni. "Kulikuwa tajiri wa ng'ombe, alitaka lile bonde letu. Waliniletea karatasi, nikasaini. Watu wakafukuzwa mashambani, ndiyo wakakuja kuchoma. Haikukuwa maadui. Ilikuwa majirani."

Ee Mungu wangu! Bonde lile lile! Mifereji aliyoichimba na watu wale wale! Nilitaka kumfokea palepale, mbele ya foleni nzima. Lakini karani alikuwa ananingoja, na nilijua jibu gani lingeturudisha. Nikamwambia: "Walimtaka asaini kuuza ardhi ya watu, akakataa. Ndipo wakachoma nyumba."

Akaandika, akitikisa kichwa kwa huruma. Tukapewa karatasi.

Tulipofika kwenye robot, yaani taa za barabarani, tukingoja kuvuka, Papa akaniuliza. "Yule mama alinihurumia sana. Ulimwambia nini?"

"Kwamba ulikataa."

"Njia ya mwongo ni fupi, mama."

"Fupi au ndefu, imetufikisha," nikamjibu, kwa ukali ambao sikuwahi kumjibu nao baba yangu. Tangu siku hiyo aliyemwita Mheshimiwa hakuitikiwa.

Karatasi ilikuwa ya miezi michache tu; ilibidi kuirudisha igongwe muhuri upya. Siku hizo nilimsikia akiwauliza wapangaji wenzetu "kusaini" kwa Kiingereza husemwaje. Nikadhani anajifunza tu, kupitisha muda.

Tulikuta karani yule yule. Akafungua faili, akasoma, akatabasamu. "Ah, huyu ndiye baba aliyekataa."

Kabla sijafungua mdomo Papa akavua kofia, akasimama wima vile alivyosimama siku ya kuapa.

"No," akasema. "I sign. Me, I sign."

Moyo ukanipiga paa! Nikaona kwisha habari yetu.

"Yes, baba," akasema yule mama kwa upole, akimsogezea daftari na kalamu. "Sign here."

Papa akaitazama kalamu, kisha akanitazama mimi. Alikuwa anangoja nimtafsirie. Nilinyamaza, nikaangalia sakafu. Akaichukua kalamu, akasaini.