Nilisugua Trei Ikang'aa, Keki ya Mchungaji Ikakataa Kutoka

Wazazi, walimu, wazee wa kanisa, na nyinyi wote mlioinamia simu zenu: nasimama mbele yenu kwa huzuni kuu kutangaza kifo kilichotokea nyumbani kwetu Matiliku, Jumamosi, saa nne asubuhi.

Aliyekufa ni keki.

Ya vanila. Nusu yake ilitoka kwenye trei, nusu ikakataa katakata.

Naitwa Kanini. Niko Form Three, shule ya bweni, na huko nimeadhibiwa kwa mambo mengi, mengine ya kweli. Hili la keki ni la kweli lote.

Tuanze na Yvonne.

Yvonne ni binamu yangu kutoka Migwani. Alisomea kuoka kwenye chuo cha ufundi, na mwezi wa Mei akaja kwetu kumsaidia Mama, ambaye huoka keki za kuuza sokoni. Niliporudi likizo ya Agosti nilimpata ametawala jikoni kama mtu aliyepigiwa kura.

"Yvonne, onja hii," Mama anasema. "Yvonne, unaonaje moto?" "Yvonne wangu."

Wangu! Mimi niliyezaliwa hapo nilikuwa naitwa "wewe".

Hayo ningeyameza. Kilichoniuma ni ukoko.

Zamani keki za Mama zilikuwa zinashika kwenye trei kila mara. Akizipindua, chini kunabaki ukoko, naye anacheka, ananipa kijiko. Tunakaa mlangoni, trei katikati yetu, tunakwangua. Hapo ndipo alipokuwa akiniuliza habari za shule, na mimi nikimwambia hata zile za ukweli.

Yvonne alipokuja, ukoko uliisha. Keki zilitoka kwenye trei mbio kama wanafunzi wakisikia kengele ya chakula.

"Siri ni nini?" nilimuuliza siku moja, nikijifanya mwanafunzi.

"Paka margarini mpaka kwa kona," akasema. "Nyunyiza unga, ukung'ute. Keki ikiiva usikimbilie kuipindua, iache ipumue dakika kumi. Na kitu kikishika, loweka trei kwa maji moto. Usiisugue na waya hata siku moja. Huu weusi unaona? Si uchafu. Ni mafuta yaliyoshikana na chuma. Ndio unaozuia keki kushika."

"Asante sana, dada," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeenda mbinguni.

Ikaja hiyo Jumamosi. Mchungaji Kaloki alikuwa anahamishiwa Ikutha, na akina mama wa kanisa walikuwa wamemchagua Mama aoke keki ya kumuaga kesho yake. Hawakuwa wamewahi kumchagua kwa lolote. Siku tatu alikuwa akiimba jikoni.

Mama na Yvonne wakiwa kwenye banda la kuku wakitafuta mayai, nilichukua waya na majivu, nikaisugua ile trei kubwa mpaka ikawa kioo.

Mama alipoingia alishika kifua.

"Ai! Kanini! Ni wewe umefanya hivi? Yvonne, njoo uone mtoto wangu!"

Mtoto wangu. Jamani, nilinenepa hapo hapo.

"Leo wewe ndiye utapaka margarini," Mama akaniambia.

Yvonne aliigeuza trei, akanitazama. "Imeng'aa kweli," akasema. Kisha polepole: "Basi paka nyingi, Kanini. Sasa iko uchi."

Nikaitikia kwa kichwa kama mwanakwaya. Nikapaka katikati tu. Kona nikamwachia Mungu.

Keki ikaumuka vizuri ajabu. Tukangoja dakika kumi. Mama akaipindua juu ya ubao, akagonga chini ya trei.

Kimya.

Akagonga tena. Nusu ikaanguka.

Mama hakucheka.

Hapo nikaanza kushuku mpango wangu. Kwenye mpango wangu, Mama alikuwa anacheka.

"Ni mimi, aunti," Yvonne akasema haraka. "Makaa ya chini nilizidisha."

Alikuwa anajua yote, na bado ananificha. Nikaona wivu upya. Hata kwa wema alikuwa ananishinda!

Lakini Mama hakuwa anamtazama Yvonne. Alikuwa anatazama mkono wangu.

"Kanini. Hicho kijiko ni cha nini?"

Nikaangalia. Kweli, nilikuwa na kijiko.

"Nimekichukua tu sasa hivi, Mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba ili alainike.

"Sasa hivi gani? Umesimama nacho tangu keki iko kwa oveni. Miezi mitatu hakuna kitu kimeshika kwa hii trei. Ulikuwa unangoja kukwangua nini?"

Nimewahi kumdanganya naibu mwalimu mkuu mbele ya gwaride zima. Mbele ya kijiko nilishindwa.

"Nilitaka ukoko," nikasema. "Nilisugua makusudi. Nilitaka tukae kama zamani. Ulikuwa unacheka."

Mama akavuta kigoda, akakaa.

"Nilikuwa nacheka?" akasema. "Kanini, hizo zilikuwa keki za watu. Nilikuwa nazipeleka sokoni zimechanika, wanawake wanazigeuzageuza wakinisengenya. Nilikuwa nacheka ili nisilie mbele yako."

Yvonne akatoka nje, akajifanya anamwaga maji.

Mchungaji alipata keki, msijali. Walioka mbili ndogo kwa trei ambazo sikuzisugua, nyeusi tii. Mimi nilipewa kifungo changu: kuipaka ile trei kubwa mafuta na kuirudisha motoni, tena na tena, mpaka ianze kuwa nyeusi.

Funzo, kwa wanaopenda funzo: trei nyeusi si trei chafu, muiache. Na ukiona mgeni amependwa kwenu, kabla hujakasirika, uliza amewapunguzia mzigo gani mliokuwa hamuuoni.

Nimekiri mbele ya Mama, mbele ya Yvonne, na sasa mbele yenu. Limebaki moja.

Siku hiyo Mama alinisukumia trei nzima, akaniambia nikwangue peke yangu. Nikakwangua nikilia.

Ukoko wote nikaumaliza. Ulikuwa mtamu.