Shangazi Alivyosugua Vyuma Vyangu

Nilirudi Chemchem kwa Shangazi na vipande vya chuma kisichoshika kutu, nimevifunga kwenye kitambaa. Kesho yake nilikuwa nifundishe kipindi kimoja katika shule niliyosoma, na vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa somo lenyewe. Nilikuwa nimevichoma kwenye tanuri la maabara hadi vikavaa utando wa rangi, mwembamba mno. Niliviacha mezani, nikalala.

Asubuhi nilivikuta kwenye kichanja cha vyombo, vinang'aa kama vijiko vya harusi.

"Shikamoo, Shangazi. Hivi vyuma..."

"Marahaba. Nimevisugua kwa mchanga na majivu mpaka mkono umekufa ganzi. Usome kote huko, halafu urudi na masizi? Walimu wako wangesema hatukukulea!"

Nilicheka, ingawa nilivunjika moyo. Bila utando ule sikuwa na cha kuonyesha.

Nikamweleza taratibu. Chuma cha kawaida kikikaa kwenye joto kali, hewa hukila. Chuma hutoa magamba, magamba hubanduka, na hewa huingia tena. Hiki kina metali ya kromiamu ndani yake, inayowahi kukivisha ngozi ngumu. Mimi nashughulikia seli za fueli, mitambo inayotoa umeme kwa gesi ya hidrojeni bila kuwasha moto. Mabamba yake ya chuma kama hiki hukaa kwenye joto kali miaka na miaka. Ngozi ikikosekana, bamba linaliwa. Ikiwa nene mno, umeme haupiti vizuri. Kazi yangu ni kutafuta ngozi ya kiasi.

Hapo nikajisikia ninavyosema: ngozi. Ngozi si huota tena?

"Shangazi, naazima jiko lako."

"Jiko haliendi shule bila mimi."

Basi tukaenda wote. Uani mwa shule akapepea mkaa, wanafunzi wakatuzunguka. Kipande kikageuka rangi ya asali, kikawa kahawia, kisha buluu kama shingo ya kanga. Darasa likapiga kelele. Msumari wa kawaida niliouweka kando yake ulipopoa nikaugonga, magamba meusi yakadondoka.

Msichana mmoja akainua kitambaa akifute kile kipande kilichopoa.

"We! Usikisugue!" Shangazi akamwahi mkono. "Ngozi imeota sasa hivi!"

Nilicheka mpaka nikashindwa kuendelea. Mwalimu wa kipindi kilichofuata alikuwa amesimama nyuma yetu, chaki mkononi. Hakutufukuza. Aliomba upepeo, naye apepee mkaa.