Kungoja Mcheri Frymburk

Watu wote wanaoshuka garini Frymburk hutazama ziwa kwanza. Barabara hutoka msituni, hupinda mara moja, na ghafla maji yako mbele yako, mapana na ya kijivu, mnara wa kanisa ukiwa pembeni. Blanka Součková hakutazama ziwa. Alisimama kwenye uwanja wa mji, mkoba begani, uso ameuinua kwenye miti. Alitazama mti wa kwanza, akatazama wa pili, akavuka barabara bila kuangalia magari ili akautazame wa tatu. Mpita njia angedhani anamtafuta ndege aliyemtoroka.

Miti yote ilikuwa mitupu. Matawi yalikuwa meusi, na juu yake kulikuwa na matumba madogo ya kijani yaliyojifunga kama ngumi za mtoto mchanga.

"Vlasta," alisema. "Haijachanua."

Mumewe, Vlastimil, alikuwa akitoa masanduku kwenye gari. Hakuinua kichwa.

"Tuko juu milimani, mama. Huku baridi haina haraka ya kuondoka."

Alimwita mama tangu binti yao Eliška azaliwe, na Blanka alikuwa amezoea. Siku hiyo neno hilo lilimchoma. Aliwaza kwamba hakumbuki mara ya mwisho kusikia jina lake likitoka kinywani mwa mtu huyu.

Nyumbani kwao Budějovice, huko bondeni, micheri, ile miti ya matunda ya cheri, ilikuwa imechanua na tayari inapukutisha. Mmoja ulikuwa chini kabisa ya dirisha la jikoni, mweupe kama sufuria ya maziwa yaliyofurika. Angebaki nyumbani, angekuwa na mti. Lakini angebaki nyumbani, asingekuwa na mume, kwa sababu Vlastimil asingekaa naye chumba kimoja siku mbili nzima bila kazi ya kumtoa nje.

Kwetu husemwa kwamba mwanamke asiyebusiwa chini ya mcheri uliochanua tarehe mosi Mei hunyauka mwaka mzima. Hakuna mtu mzima anayeamini, na hakuna mwanamke anayependa kujaribu aone. Blanka, ambaye alipikia watoto wa shule na hakuwa mtu wa ndoto, alikuwa amebusiwa kila mwaka tangu mwaka ule wa kwanza, hapa hapa Frymburk, alipokuwa msichana na Vlastimil kijana mwembamba mwenye masikio makubwa. Hadithi ya busu hilo aliisimulia harusini, akaisimulia kwenye ubatizo wa Eliška, akawasimulia wapishi wenzake wakimenya viazi. Mwaka huu Eliška aliwalipia wazazi wake chumba kwenye nyumba ya wageni ya Frymburk, zawadi ya harusi yao ya fedha, miaka ishirini na mitano ya ndoa. Eliška hakujua.

Hakujua kwamba siku ya Pasaka, keki yenye umbo la mwanakondoo ikiwa bado mezani, baba yake alisema neno. Vlastimil alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao upande wa Austria, karibu na Linz; aliondoka Jumatatu, akarudi Ijumaa. Alisema kwamba baada ya sikukuu ya Mei hatarudi tena siku za Ijumaa.

"Kuna mwanamke?" Blanka aliuliza.

"Hakuna."

"Niambie tu, Vlasta. Sitapiga kelele."

"Hakuna mtu. Nimechoka kufika nyumbani nikakuta sina la kusema."

Ingekuwa afadhali awepo mwanamke. Mwanamke ana uso, ana nywele, unaweza kumchukia na kumshinda. Ukimya huwezi kuushika shingoni. Blanka hakuomba lolote ila siku hizi mbili, na Vlastimil alikubali kwa sababu chumba kilikuwa kimeshalipiwa na hakujua amwambie nini binti yake.

Mwenye nyumba ya wageni, Bi Hedvika, alikuwa mjane mnene aliyevaa aproni juu ya sweta mbili. Aliwapokea na ufunguo mkononi na maneno mdomoni.

"Mmekuja kwa ajili ya mosi Mei, wanangu? Basi mmewahi. Hapa micheri huchanua watalii wakishachoka kungoja."

"Hakuna hata mmoja?" Blanka aliuliza. "Hata kwenye ua uliojificha upepo?"

"Kuna wangu, nyuma ya jiko. Nao ni mvivu kama marehemu mume wangu. Mwaka jana nilibusiwa chini ya mpea."

"Na nani?" Vlastimil aliuliza, kwa adabu tu.

"Na mtu wa posta. Alikuwa amekuja na kifurushi, sikutaka arudi mikono mitupu."

Blanka alicheka zaidi kuliko kichekesho kilivyostahili. Vlastimil alibeba masanduku juu.

Alipobaki peke yake uani, Blanka aliushika mcheri wa Bi Hedvika kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemshika mgonjwa aone kama ana homa. Matumba yalikuwa yamevimba. Kwenye ncha ya mojawapo alidhani ameona weupe, akakaribia, ikawa ni mwanga tu. Ndipo alipomkumbuka Mtakatifu Barbara. Kila Desemba, tangu utoto, alikata vijitawi vya mcheri siku ya Barbara, akaviweka kwenye maji ya uvuguvugu juu ya hita ya jikoni, na Krismasi vilichanua theluji ikiwa dirishani. Kama tawi lililolala laweza kudanganywa wakati wa baridi kali, hili lililoamka nusu litashindwaje?

"Kata, kata," Bi Hedvika alisema kupitia dirishani. "Ila si kwa kucha, utaliua. Mumeo hana kisu?"

Vlastimil alikuwa na kisu. Kila mwanamume wa kwao anacho: kisu kidogo cha uyoga, chenye ncha iliyopinda na burashi mkiani. Kisu hicho hukaa kwenye droo ya jikoni mpaka mvua za mwisho wa kiangazi, na hakuna anayekigusa. Blanka alikuwa anataka kusema kwamba kisu kiko nyumbani. Lakini Vlastimil, aliyekuwa ameshuka ngazi na kusikia, alishatangulia kwenye gari, akafungua buti la nyuma.

Blanka alimfuata. Alifanya kosa la kumfuata.

Chini ya blanketi kulikuwa na koti la baridi la Vlastimil, lile zito. Kulikuwa na viatu vyake vya theluji. Kulikuwa na kikapu cha uyoga, na ndani ya kikapu, kisu. Ilikuwa mwisho wa Aprili. Mtu anayebeba kikapu cha uyoga mwezi wa Aprili ameshaamua majira ya vuli yatamkuta wapi.

Vlastimil alisimama na kisu mkononi. Masikio yake makubwa yalikuwa mekundu.

"Nilitaka kukwambia Jumapili," alisema.

"Umeshaniambia. Nikatie kijitawi."

"Mama..."

"Kata, Vlasta. Pale, penye matumba matatu. Kata kwa mshazari, kinywe maji vizuri."

Alikata. Alikata kwa uangalifu sana, kama kwamba hilo lingeweza kusaidia. Blanka alikipokea kijitawi, akakipandisha chumbani, akakilaza kwenye beseni la maji moto, kisha akakisimamisha kwenye glasi ya miswaki, juu ya hita. Aliwasha hita mpaka mwisho. Halafu aliketi kitandani na koti mwilini, akalia bila sauti, uso kaulekeza kwenye glasi, kama anayeogopa kwamba akigeuka kijitawi nacho kitaondoka.

Usiku ule walilala kila mmoja ukingoni mwake, kwenye joto la kuoka mkate. Jumamosi walizunguka rasi nzima kwa miguu. Walivuka kwa kivuko na kurudi, kwa sababu hawakujua wafanye nini upande wa pili. Walikula trauti, na Vlastimil alitoa miiba kwenye samaki wa mkewe kama alivyofanya siku zote, kisha akashtuka kwamba amefanya hivyo, akaisukuma sahani kwa Blanka. Kila waliporudi chumbani Blanka alibadilisha maji. Matumba yalikuwa yamefunguka magamba, lakini ndani kulikuwa na kijani tu, kijani tupu.

Jioni sanamu za wachawi zilichomwa ufukoni, kama kila tarehe thelathini Aprili. Mji mzima ulikuwa pale na soseji zake kwenye vijiti. Mchawi wa majani makavu alikuwa amesimamishwa juu ya kuni, amevaa gauni la maua.

"Gauni zuri," mtu mmoja alisema kwenye pipa la bia. "La nani?"

"La mama mkwe. Hajajua bado."

"Kesho atajua."

"Kesho litakuwa majivu, na mimi nitakuwa Austria."

Wote walicheka isipokuwa Blanka, ambaye alisogea karibu na moto ili aonekane kuwa ni moshi unaomtoa machozi. Mwenye pipa alimwona.

"Dada, usisimame hapo bwana. Giza hili, tutachanganya tukutie wewe."

"Huyo mwacheni," Vlastimil alijibu nyuma yake. "Ana ufunguo wa chumba."

Watu walicheka tena. Blanka aligeuka. Hakuwa amemsikia akitania mbele za watu tangu kabla ya Krismasi, na sasa aliona kwamba hata yeye mwenyewe alikuwa ameshangaa. Matumaini yalimpanda ghafla mpaka yakamtia woga, naye akafanya alichokuwa amejikataza: akaanza kuisimulia hadithi. Akamwelekeza kule kwenye bustani ya kanisa. Unakumbuka, ilikuwa mosi Mei, mcheri ulikuwa mweupe wote, nawe umevaa shati la baba yako...

"Haikuwa mosi Mei," Vlastimil alisema.

"Ilikuwa."

"Mosi Mei mwaka ule nilikuwa jeshini. Sikupata ruhusa. Nilikuja katikati ya mwezi, siku za Watu wa Barafu, wale watakatifu wanaorudisha baridi. Ndiyo maana mti ulikuwa umechanua huku juu." Alikuwa akiongea na moto. "Usiku barafu ilianguka kweli. Asubuhi maua yote yalikuwa yamekuwa kahawia, nawe ulilia kwa ajili ya mti wa watu. Nilikupa shati nikabaki na fulana."

Miaka yote hiyo Blanka alikuwa ameishikilia siku ambayo haikuwepo. Hilo ndilo lililokuwa tegemeo lake la mwisho, na sasa nalo lilikuwa linatoka mikononi.

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Ulikuwa unaisimulia vizuri."

"Kwa hiyo busu lile halikuhesabika."

Vlastimil aligeuza soseji yake iliyokwisha kuungua upande mmoja.

"Hukunyauka," alisema.

Blanka alingoja aongeze neno. Gauni la mama mkwe lilishika moto, watoto wakapiga kelele, na wawili hao wakarudi chumbani mmoja nyuma ya mwingine, wala hakukuwa na jipya kuhusu koti kwenye buti.

Jumapili Blanka aliamka akakuta tumba la katikati limepasuka. Katika mpasuko huo palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Alipiga magoti sakafuni mbele ya hita. Hakumwita mumewe. Alikuwa bado amepiga magoti Bi Hedvika alipogonga mlango.

"Wanangu, siwafukuzi, lakini kuna wageni wa Plzeň wanakitaka chumba." Kisha aliona glasi. "Mtakatifu Barbara na Mei? Haya. Kaliwekeni tawi hilo jikoni kwangu, dirishani juu ya jiko. Ninapika madonge ya unga, kuna mvuke wa kutosha kuchanua hata mimi."

Vlastimil alikuwa amevaa viatu. Alichukua masanduku yote mawili kwa mkono mmoja, na kwa mwingine, kabla Blanka hajamzuia, akaibeba glasi. Alishuka ngazi pole pole, akitangulia kujaribu kila kidato kwa ncha ya kiatu. Aliiweka glasi dirishani, akaenda na masanduku kwenye gari.

Blanka alisikia buti likifunguliwa. Alisikia likifungwa. Alijishika kwenye ukingo wa sinki la Bi Hedvika, akasubiri kusikia injini, na kila sekunde ambayo injini haikuwaka ilimwumiza zaidi, kwa sababu ilimpa nafasi ya kutumaini.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Vlastimil aliweka ufunguo wa gari mezani, akavuta kigoda, akaketi mbele ya dirisha. Mikono yake ilikuwa mitupu. Koti lilikuwa bado kwenye buti, hakulitaja.

"Na kesho?" Blanka aliuliza.

"Usiniulize kesho, Blanka. Kesho sijui."

Alisikia jina lake. Hakuthubutu kusogea.

"Likifunguka," Vlastimil alisema, akilionyesha tumba kwa kidevu, "nitakubusu. Hilo najua. Halafu ndiyo tutaona kama nina la kusema."

"Hili ni tawi tu. Si mti. Inabidi tuwe chini yake."

"Nitalishika juu."

Bi Hedvika aliinua mfuniko wa sufuria, na mvuke ukapanda ukafunika kioo. "Msilipumulie kwa karibu hivyo," alisema. "Lina aibu."

Wote wawili walirudisha vichwa nyuma kidogo. Uzi mweupe ulikuwa umepanuka, au ulikuwa umebaki vile vile. Blanka hakuweza kuamua. Kule ziwani kivuko kilipiga honi. Petali moja ilikuwa inatetemeka kwenye ukingo wake, bado imeshikwa na zile nyingine, na Vlastimil alikuwa ameshanyoosha mkono karibu na glasi, vidole wazi, tayari.