Taipureta ya Don Casimiro

Kuna maneno yanazunguka nje ya mahakama mjini Cochabamba, Bolivia, na Hilaria Choquevillca ameshindwa kuyatoa kichwani. Eti yupo mtu anayewagawia wapiga chapa wa barazani mashine za zamani. Baadaye zinaibuka hati za viwanja zenye tarehe za miaka ya nyuma, na anayekamatwa ni mpiga chapa.

Ndiyo maana asubuhi hii, wenzake wakimpigia makofi binti yake Yobana kwa kutimiza miaka ishirini, yeye hapigi. Anaikodolea macho taipureta iliyo mezani, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

"Mama, na wewe! Ni zawadi tu."

"Zawadi ya Don Casimiro? Mtu ambaye hata kikombe cha uji hajawahi kukununulia?"

Hilaria ameishia darasa la tano. Kwa miaka mingi amekaa hapa chini ya mwavuli, akiwachapia watu mikataba na malalamiko, boliviano tano kwa ukurasa. Yobana ameanza mwaka huu, kwa mashine ya kuazima. Mpiga chapa akikutwa na hati ya uongo, chama cha wapiga chapa kinamnyang'anya meza kabla polisi hawajafika.

"Meza hii ndiyo iliyomlea huyu," anasema Hilaria. "Ikienda, tunakula nini?"

Don Casimiro, dalali wa viwanja, anacheka. "Mama Yobana, mbona umenuna kama umekanyagwa? Au ulitaka na wewe nikuletee?"

"Mimi niletee jibu. Umeitoa wapi?"

"Kwa marehemu mjomba. Haya, binti, ifungue kwa kazi yangu. Ukurasa mmoja tu. Karatasi ninayo, tarehe nitakutajia."

Karatasi anayoitoa imegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Yobana ananyoosha mkono aipokee.

"Ngoja," anasema Hilaria. "Hatujainyunyizia."

Hapa kitu kipya hakianzi kazi mpaka kinyunyiziwe pombe, kwa heshima ya Mama Ardhi. Hata wakili akinunua gari hulinyunyizia.

"Aa, mambo ya shamba hayo," anasema Don Casimiro. "Nina haraka."

"Haraka ya nini? Juzi ulinyunyizia pikipiki yako hapo hapo, ukalewa, ukaimba!" anadakia Doña Primitiva wa meza ya pili. Watu wanaangua kicheko.

Don Casimiro hacheki.

Hilaria anamimina. Si matone. Anaimwagia pombe kali ya miwa kuanzia juu mpaka ubavuni, kisha anachukua kitambaa na kufuta. Kitambaa kinatoka cheusi. Anafuta tena. Chini ya rangi mbichi yanatokea maneno yaliyochongwa kwenye chuma: Mali ya Ofisi ya Hati za Ardhi.

Hati iliyochapwa kwa mashine hii ingefanana kabisa na za ofisi yenyewe. "Mjomba wako alikuwa ofisi, Don Casimiro?" anauliza Primitiva.

Dalali anakunja karatasi yake na kuondoka bila kuaga. Aliipaka mashine rangi vizuri kabisa, ila alisahau kwamba itanyunyiziwa.

Yobana analia. "Ningekuwa nimeshachapa, mama."

"Najua. Futa machozi, beba upande huo."

Wanaibeba wawili, Primitiva akifuata kama shahidi, mpaka kwa mwenyekiti wa chama, naye anaipeleka polisi.

Mpango wa Hilaria sasa ni kumnunulia binti yake mashine kwa fundi, mchana kweupe, kwa risiti. "Hata ikiwa na herufi iliyopinda," anasema. "Tutainyunyizia vilevile."

Kwa wazazi wenye vijana makazini, haya ndiyo ya kuepuka:

Usipokee mashine ya mtu asiyesema ilikotoka.

Usichape tarehe ambayo si ya leo.

Usitumie karatasi kuukuu ya mteja.

Usifanye kazi ya mtu anayekukimbiza.

Usikubali kitu kipya kianze kazi bila kunyunyiziwa, hata mwenyewe akikasirika. Akikasirika, ongeza pombe.